Je, Wajua? Taa ya enaji seva hufia kitakoni

Taa nyingi za enaji seva zinazozima Kariakoo, kwenye vibanda na ngazi za maghorofa, mrija wake wa kioo huwa bado mzima. Kilichokufa ni balasti, ile sakiti iliyofichwa ndani ya kitako cha plastiki.

Ndani ya mrija mna zebaki, miligramu chache tu. Umeme ukipita, mvuke wake hutoa mionzi ya urujuanimno isiyoonekana. Unga mweupe uliopakwa kiooni ndio unaoigeuza kuwa mwanga. Lakini gesi iliyomo mrijani ikishaanza kupitisha umeme, ukinzani wake hushuka na mkondo huzidi kupanda hadi taa iungue. Balasti ndiyo breki. Kwenye tyubu laiti za zamani kazi hiyo hufanywa na choki, ile koili nzito inayovuma, huku stata ikisaidia kuiwasha taa tu. Enaji seva hutumia transista mbili zinazougeuza umeme wa TANESCO, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, uwe na zaidi ya 20,000, ndiyo maana jicho halioni ikipepesa.

Fundi akifungua kitako, mara nyingi hukuta kapasita imevimba kichwa. Taa ikining'inia kitako juu, joto la mrija hupanda na kuikausha, na kwa joto la Dar es Salaam haichukui muda.

Mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana utengenezaji wa taa hizi ukome 2025, kwa sababu ya zebaki. Zilizobaki majumbani zikivunjika, usifagie: watoe watoto, fungua madirisha, kisha zoa vipande kwa karatasi ngumu.