Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

Kila msimu wa ligi unapomalizika, wapo wachezaji ambao huvua jezi zao kwa mara ya mwisho bila ya wenyewe kujua kwamba ni ya mwisho. Mmoja ameumia goti, mwengine umri umempita, na mwengine nafasi yake imechukuliwa na kijana mwenye mbio zaidi. Jana walishangiliwa katika uwanja wa Amaan au wa Gombani. Baada ya miaka michache vijana wanawapita barazani wala hawawajui. Kukaa barazani si aibu. Aibu, kwa maoni yetu, ni kwa jamii inayoyatumia maarifa ya mtu kwa miaka kumi kisha ikayaacha yaoze pamoja na njumu zake.

Leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu wa nchi ya mbali, aliyecheza mchezo ambao visiwani kwetu ni wachache wanaoufuata, yaani raga. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanajibu swali hilo la mchezaji aliyestaafu kwa namna ambayo hotuba nyingi hazijaweza kulijibu. Jina lake ni Cliff Morgan, wa Wales.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, inatosha kueleza kwamba raga ya vyama huchezwa na watu 15 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai. Mpira hubebwa mikononi na kukimbizwa, na ukitupwa kwa mkono lazima utupwe pembeni au nyuma, kamwe si mbele. Lengo kubwa ni kuuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani, jambo ambalo huitwa trai. Anayevaa jezi namba 10 ndiye nahodha wa mawazo: mpira humfikia yeye mapema, naye kwa kufumba na kufumbua huamua kama utapigwa teke, utapitishwa kwa mwenzake, au atapenya nao mwenyewe. Morgan alikuwa namba 10.

Alizaliwa mwaka 1930 katika kijiji cha Trebanog, kwenye bonde la Rhondda, sehemu ya wachimba makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mmoja wao. Katika mabonde yale mambo matatu yaliwaunganisha watu: kazi ya shimoni, nyimbo za kanisani, na raga siku ya Jumamosi. Morgan alitoka hapo akiwa na miguu myepesi na sauti yenye mahadhi, na vyote viwili vilikuja kumlisha.

Mwaka 1951, akiwa mchezaji wa klabu ya Cardiff, aliiwakilisha Wales kwa mara ya kwanza dhidi ya Ireland. Mwaka uliofuata Wales ilizifunga timu zote za mashindano ya Mataifa Matano. Mwaka 1953 alipata sifa ambayo wachezaji wachache waliipata: aliishinda New Zealand mara mbili katika msimu mmoja, kwanza akiwa na Cardiff kwa 8 kwa 3, kisha akiwa na Wales kwa 13 kwa 8. Alipoacha mwaka 1958 alikuwa amekwisha kuichezea nchi yake mara 29.

Lakini jina lake lilivuka bahari mwaka 1955, alipokwenda Afrika Kusini na timu ya mseto ya Uingereza na Ireland, maarufu kwa jina la Lions. Katika mechi ya kwanza kubwa, mjini Johannesburg, mwenzao mmoja alivunjika mguu. Zama zile hapakuwa na mchezaji wa akiba, hivyo walibaki 14. Morgan alipokea mpira, akamzunguka mlinzi aliyekuja kumkaba, akafunga trai. Lions walishinda kwa 23 kwa 22, na mfululizo wote wa mechi nne ukaishia sare ya mbili kwa mbili.

Hatuwezi kuitaja safari ile bila kusema kwamba timu ya Afrika Kusini wakati huo ilikuwa ya Wazungu peke yao, na kwamba ubaguzi ule ulikuja kuitenga nchi hiyo na michezo ya dunia hadi ulipoanguka. Umahiri wa Morgan hauondoi doa hilo. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, safari hiyo iliacha alama nyengine ndogo: wakirudi kwao, Lions walisimama Nairobi wakacheza na timu ya Afrika Mashariki na kuishinda kwa 39 kwa 12.

Sasa tufike penye kiini cha maneno yetu. Katika raga ya zama zile hapakuwa na mshahara. Mchezo huo haukuruhusu malipo hadi mwaka 1995. Mchezaji mashuhuri kama Morgan, aliyejaza viwanja, alikuwa sawasawa na wengi wa wachezaji wetu: sifa tele mdomoni mwa watu, na mfukoni hakuna kitu. Alipotundika njumu alikuwa na umri wa miaka 28 tu. Angeweza kuishi kwa hadithi za Johannesburg. Badala yake, mwaka huo huo wa 1958 aliingia katika Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, huko Wales, na kazi aliyopewa ilikuwa ya kuratibu vipindi vya michezo.

Tunawaomba wasomaji waizingatie hatua hiyo. Hakuanza kwa kukalishwa mbele ya kipaza sauti ili watu waseme, "Huyu ndiye yule." Alianza nyuma ya pazia, mahali panapopangwa nani atumwe wapi, mitambo ipite njia gani, na kipindi kiishe dakika ya ngapi. Baadaye alisimamia uhariri wa vipindi vikubwa vya televisheni, vya michezo na hata vya mambo ya dunia. Ilipofika mwaka 1970 na kuanzishwa mchezo wa maswali na majibu wa A Question of Sport, Morgan alikuwa mmoja wa manahodha wawili wa mwanzo. Mwengine alikuwa mwanamasumbwi Henry Cooper. Kufikia hapo alikuwa amekwisha kuijifunza kazi kwa zaidi ya miaka kumi.

Kisha koleo likavunjika. Mwaka 1972, akiwa ndiyo kwanza amevuka miaka 40, Morgan alipatwa na kiharusi. Mtu aliyekula kwa ulimi wake hakuweza kusema. Ilimbidi ajifunze upya kutamka maneno, kama mtoto anavyojifunza. Wapo ambao wangeridhika kupona tu.

Tarehe 27 Januari 1973, mjini Cardiff, New Zealand ilikutana na Barbarians, timu ya mwaliko inayokusanya wachezaji wa nchi mbalimbali. Mtangazaji aliyepangiwa mechi hiyo, Bill McLaren wa Scotland, aliugua. Morgan akaitwa kushika nafasi yake. Mchezo ulikuwa na dakika chache tu tangu uanze pale Phil Bennett, namba 10 wa Barbarians, alipoufuata mpira karibu na mstari wa goli lake mwenyewe. Badala ya kuupiga nje ili wapumue, aligeuka, akawahepa wapinzani mmoja baada ya mmoja, na mpira ukaanza safari. Ulipita katika mikono ya wachezaji saba, kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwengine, na wa mwisho, Gareth Edwards, akajirusha nao pembeni kabisa. Barbarians walishinda kwa 23 kwa 11, na wapenzi wengi wa raga husema hawajaona trai iliyo bora kuliko ile.

Zaidi ya miaka 50 imepita, na picha ile bado huoneshwa pamoja na sauti ya Morgan. Anayeisikiliza kwa makini atagundua jambo moja: maneno ni machache. Morgan anataja majina kadiri mpira unavyokwenda, sauti inapanda pamoja na mchezo, na anapofunga Edwards anastaajabu kama anavyostaajabu aliyekaa jukwaani. Hajitafutii sifa wala hamweleze mtazamaji kile ambacho jicho lake limekwisha kukiona. Aliijua hatari aliyoichagua Bennett kwa sababu na yeye aliwahi kusimama mahali pale pale, mgongo kwenye goli na watu wazito wakimjia. Mchezaji alimfundisha mtangazaji lini aseme na lini anyamaze.

Pengine atatokea mtu aseme: basi, tatizo limekwisha, kila nyota wa zamani apewe kipaza sauti. La hasha. Huyo huyo McLaren, aliyeugua siku ile, anatoa jawabu. Alikuwa mchezaji mzuri wa klabu ya mji wake wa Hawick, na alikaribia kuitwa timu ya taifa ya Scotland, lakini mwaka 1948 kifua kikuu kilimlaza sanatoriamu na kumkatisha mchezo. Hakuwahi kuichezea nchi yake hata mara moja. Hospitalini alianza kutangaza michezo ya mpira wa meza kwa ajili ya wagonjwa wenzake. Akapona kwa dawa ya streptomaisini, ambayo wakati huo ilikuwa bado katika majaribio. Na kuanzia mwaka 1953 hadi 2002 alikuwa sauti ya raga katika BBC, huku kwa miaka mingi akiendelea kusomesha mazoezi ya viungo katika skuli za mji wake. Kabla ya kila mechi alikwenda kuwatazama wachezaji mazoezini, na aliandika habari zao kwenye karatasi kubwa moja ili asije akababaika. Jina la uwanjani humfungulia mtu mlango. Kinachomkalisha ndani ni maandalizi.

Morgan naye hakuishia kwenye trai ile. Kuanzia mwaka 1976 hadi 1987 aliongoza idara ya BBC ya matangazo ya televisheni ya nje ya studio, akiwa na dhamana ya michezo ya Olimpiki na Kombe la Dunia, pamoja na matukio ya kitaifa kama ndoa ya mrithi wa ufalme ya mwaka 1981. Mtoto wa mchimba makaa aliyeanza kwa kukimbia na mpira alimaliza kwa kuongoza mafundi na watangazaji wengi. Kisha akarudi kwenye redio, akaendesha kipindi cha michezo hadi mwaka 1998. Katika uzee wake saratani ya koo ilimnyang'anya sauti kwa mara ya pili, na safari hii haikurudi. Alifariki dunia tarehe 29 Agosti 2013 huko Isle of Wight, kisiwa kidogo kusini mwa England, akiwa na umri wa miaka 83.

Tunayo mambo matatu ya kuyaweka mbele ya wananchi na viongozi wanaohusika.

La kwanza, maandalizi ya maisha ya baadaye yaanze mchezaji akiwa bado na jezi mwilini. Vyombo vinavyosimamia michezo na vyombo vya utangazaji vinaweza kukaa pamoja vikachagua kila mwaka vijana wachache, wanaume kwa wanawake, walio karibu kustaafu na wenye ufasaha, wakafundishwa kazi hiyo kuanzia chini: kuandika habari, kutunza kumbukumbu, kuhariri, kisha ndipo kutangaza. Gharama yake si kubwa kama ya kujenga jukwaa.

La pili, Kiswahili. Wapo watu wazima miongoni mwetu walioujua mpira kwa masikio, kwa kusikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, kabla ya kuuona kwa macho. Watangazaji wale walitupa lugha ya mchezo. Tukimtia redioni mtu anayejua kupiga mpira lakini hajui kupanga maneno, tutampoteza msikilizaji. Na tukimtia msemaji asiyejua mchezo, atatujazia masikio kelele. Wakaazi wa visiwa vilivyokuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ambavyo lahaja yake ndiyo msingi wa Kiswahili sanifu, wana wajibu mkubwa zaidi katika jambo hili.

La tatu, kumbukumbu. Trai ya Cardiff inaishi kwa sababu kanda yake ilihifadhiwa. Bila ya kanda, Morgan na Edwards wangebaki hadithi ya wazee, na wazee nao huondoka. Tunajiuliza ni mechi ngapi za vilabu vyetu vya Unguja na Pemba, zilizotutoa machozi ya furaha na ya huzuni, ambazo sauti yake bado inaweza kupatikana. Sauti zilizopo zihifadhiwe sasa, na wachezaji wa zamani waliopo warikodiwe wangali na pumzi ya kusimulia.

Wahenga wametuambia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kwa kawaida tunamtunza kwa makofi na kwa picha ya ukutani. Tunaamini tunzo iliyo bora zaidi ni kumpa mchezaji kazi nyengine ya kufanya kwa ujuzi ule ule, siku anapotoka uwanjani kwa mara ya mwisho.