Je, Wajua? Sikio la Fundi Halina Spea

Je, wajua kwamba Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jumba la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya 100, lilijengwa bila mashine hata moja? Siri ni mawe ya tumbawe: likitoka baharini ni laini, huchongeka kirahisi. Likipigwa na upepo, linakuwa jiwe!

Ng'ambo ya pili, Kilwa Masoko, Rais Samia aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Septemba 2023. Sasa zege na nondo vinahitaji mitambo, na mitambo ina kelele. Tega sikio, fundi!

Mfupa mdogo kuliko yote mwilini mwako umo humo sikioni. Urefu wake ni milimita 3 hivi. Punje ya mchele inaushinda!

Ndani zaidi kuna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio. Kelele ikiziua, hazioti tena. Lakini kuku wako pale uani, zake huota upya! Umesikia hiyo?

Kelele ya desibeli 85 unaweza kuivumilia saa 8 kwa siku. Ongeza 3 tu, zikawa 88, muda unakatwa nusu: saa 4. Zikifika 100, umebakiwa na dakika 15! Grenda inayokata nondo inafika hapo bila shida. Chai ya saa nne haijachemka, fungu lako la siku limekwisha.

Na wajua sikio huumia bila kuuma? Linaharibika muda mrefu kabla hujahisi maumivu yoyote. Zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba: s, f, na vicheko vya watoto.

Watafiti waliwapima Watanzania wa viwanda vya chuma. Kelele: wastani wa desibeli 92. Waliopungukiwa usikivu: asilimia 48! Kwa walimu wa shule za msingi waliolinganishwa nao, ilikuwa 31.

Hii itakushangaza. Kizibo cha sikio cha kupunguza desibeli 30, ukikivaa saa 7 kati ya 8, kinga yako ya siku haizidi desibeli 9! Ile saa moja uliyokivua imekula sehemu kubwa.

Dawa nyingine ni ya bure: miguu yako. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye mashine, unapunguza desibeli 6. Saidia fundi, sogea!

Na vizibo si hisani ya bosi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Dai vyako!

Huna kipimo cha kelele? Mwite mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja. Ukilazimika kupaza sauti ndipo akusikie, hapo mmevuka desibeli 85. Jaribuni kesho saitini, kabla mashine haijazimwa!