Kichakataji: nguvu na nishati

Kichakataji (wingi: vichakataji) ni nomino ya ngeli ya KI-VI, itokanayo na kitenzi chakata. Ndicho kijenzi kinachotekeleza amri za programu katika kompyuta. Wengine hukiita prosesa.

Anayejiundia kompyuta yenye uwezo mkubwa hana budi kutenganisha maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Nguvu ni kasi ya kutumia umeme, nayo hupimwa kwa wati. Nishati ni jumla ya umeme uliotumika kwa muda fulani: uniti moja tunayolipia ni sawa na wati 1000 kwa saa moja.

Mathalani, vichakataji vya AMD, Ryzen 9 7900X na Ryzen 9 7900, vyote vina viini 12. Cha kwanza huruhusiwa kuvuta hadi wati 230. Cha pili, wati 88. Tuseme cha kwanza kimemaliza kazi kwa dakika 10, na cha pili kazi hiyohiyo kwa dakika 12. Cha kwanza kitakuwa kimetumia takriban wati-saa 38, cha pili chini ya 18. Sababu ni kwamba nyongeza ndogo ya kasi hudai volti zaidi, na nguvu hupanda kwa mraba wa volti.

Tanbihi: wati 170 na 65 zinazotajwa na mtengenezaji ni mwongozo wa kuchagua kipoza joto, si kikomo cha umeme.

Basi mnunuzi asiulize tu, “Kina kasi gani?” Aulize pia, “Kitamaliza kazi yangu kwa nishati kiasi gani?”