Mzazi na Haki Yake ya Chunguni

Katika kisiwa cha Unguja, tangu vichochoro vya Mji Mkongwe hadi mashamba ya Makunduchi, mwanamke akijifungua hupewa heshima ya siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, na jikoni huinjikwa uji wa pilipilimanga, supu ya kuku na supu ya pweza. Mila hii ni njema, nasi hatumo miongoni mwa wanaoicheka.

Lakini yatupasa kuuliza: supu ile hunywewa na nani? Kuku huchinjwa kwa jina la mzazi. Kisha paja likaenda kwa baba, kidari kwa wageni waliokuja kumtazama mtoto, na mwenye haki akaachiwa shingo na mchuzi. Kesho yake ni chai ya rangi na mkate, asubuhi na jioni. Tumeyaona haya hata katika nyumba za wenye uwezo na, twakiri, katika nyumba zetu wenyewe.

Mwili wa mzazi una hesabu yake. Uzazi wa kawaida huweza kumtoa damu inayokaribia nusu lita, na mtoto anyonyaye maziwa ya mama matupu hunywa yapata robo tatu ya lita kila siku. Kwa kazi hiyo mama huhitaji chakula cha ziada, kiasi cha kalori 500 kwa siku. Asipokipata, maziwa huendelea kutoka, lakini kwa kula akiba ya mwili wake. Ama damu, hiyo hurejeshwa kwa madini ya chuma. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba, mahali ambapo upungufu wa damu kwa wajawazito umeenea, mama ameze vidonge vya madini hayo kwa majuma 6 hadi 12 baada ya kuzaa. Kwa hiyo arobaini inapokwisha, naye akarudi kwenye ndoo na kuni, huenda deni halijalipwa hata nusu. Vidonge alivyopewa kliniki visitupwe uvunguni.

Chai hatuikatazi (nani angetusikiliza?), ila ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie mwilini. Na ingoje saa moja au mbili. Chakulani pakamuliwe ndimu, ambayo hukisaidia chuma cha mboga.

Wala tusiseme kwamba vyakula hivyo ni vya matajiri. Dagaa wa Unguja huchemshwa, huanikwa, hutiwa magunia na kusafirishwa hadi Kongo, nasi twatazama wakipakiwa. Dagaa aliwaye mzima na mifupa yake hujenga mwili, huleta chuma, na hurudisha madini ya mifupa ambayo kunyonyesha huyapunguza. Pweza nao, wanawake wa Jambiani huwachokoa maji yakipwa, kisha wengi huishia katika sahani za mahoteli. Kunde, mchicha na kisamvu vipo, mayai yapo, maini pia, siku fedha ziruhusupo.

Basi bwana arudipo kutoka Darajani na kapu lake, sahani ya mzazi ipakuliwe kwanza, kabla ya yake. Wageni wakija, kahawa na halua zawatosha.