Maelezo ya Zana za Kiswahili kwa Mawakala wa Akili Mnemba

Kila kamusi nzuri huanza na kurasa ambazo wasomaji wengi huziruka, yaani zile zinazoeleza jinsi ya kuitumia. Mjuzi wa Kiswahili huweza kuziruka bila hasara kubwa, kwa kuwa anajua tayari kwamba wapendanao hutafutwa penye penda. Ujuzi huo hakuupata katika kamusi, aliingia nao. Katika miaka ya karibuni amezuka msomaji mwingine ambaye haifai kumdhania ujuzi huo, naye ni wakala wa akili mnemba, au akili unde kama wasemavyo wengi nchini Kenya.

Wakala huyo ni programu iliyojengwa juu ya modeli kubwa ya lugha. Hupewa kazi na mtu, kisha hujiamulia ni zana zipi atumie ili kuikamilisha. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilichapisha itifaki iitwayo Model Context Protocol, ambayo kwayo zana hujitambulisha kwa wakala kwa mambo matatu hasa: jina lake, maelezo yake kwa lugha ya kawaida, na aina ya maingizo inayoyapokea. Kwa kawaida wakala haoni msimbo wa zana yenyewe. Maneno hayo machache ndiyo anayoyategemea katika kuamua kuitumia au kuiacha.

Zamani hali haikuwa hivyo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alipoeleza, mwaka 1992, mfumo wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta, aliwaandikia wanaisimu. Pengo dogo katika maelezo wangeliziba wenyewe, na tokeo la ajabu wangelitilia shaka.

Na tuseme ipo zana ya kuchanganua mofolojia yenye maelezo haya tu: "Huchanganua maneno ya Kiswahili." Ni kweli, lakini haitoshi. Mwanafunzi anamuuliza wakala maana ya Mwalimu ametupa kitabu. Neno ametupa lina changanuzi mbili: a-me-tupa, kwa kitenzi tupa, na a-me-tu-pa, kwa kitenzi -pa kilichotanguliwa na kiambishi cha yambwa. Maandishi hayazitenganishi, wala mkazo hausaidii, kwani katika zote mbili huangukia silabi tu. Zana ikirudisha uchanganuzi mmoja, na maelezo yasiseme kwamba umechaguliwa kati ya kadhaa, wakala atauchukua kuwa ndio pekee, na mwalimu mkarimu atageuka kuwa mtupa vitabu.

Maelezo bora yangesema kwamba zana hupokea neno moja pamoja na viambishi vyake vyote, kama lilivyo katika matini. Kwamba haipokei sentensi. Kwamba hurudisha changanuzi zote zinazowezekana, na kuchagua ni kazi ya anayeuona muktadha. Kisha ungefuata mfano kamili wa ingizo na tokeo lake. Mfano hauna budi, maana istilahi peke yake huweza kupotosha. Zana inayodai kupewa "mzizi" yataka pend au penda? Mwanaisimu atauliza; wakala huenda akabahatisha. Vivyo hivyo maelezo yanapotaja yambwa katika mstari mmoja na shamirisho katika mwingine, kwa kukusudia kitu kile kile, wakala anaweza kutafuta vitu viwili. Hata alama ndogo ina uzito wake. Apostrofi ya ng'ombe yaweza kuwa iliyonyooka au iliyopinda. Jicho halijali, lakini kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti.

Lililo zito kuliko yote ni ukimya wa zana. Tokeo tupu laweza kumaanisha kwamba neno halimo katika leksikoni, kwamba limeandikwa visivyo, au kwamba programu yenyewe imekwama. Kila hali yastahili ujumbe wake. Zana iliyojengwa juu ya leksikoni ya Kiswahili sanifu huenda isilitambue neno ndia, ambalo kwa Waamu na Wamvita ndiyo njia. Mpaka huo usipotajwa, wakala anaweza kumwambia mwanafunzi anayesoma tenzi za kale kwamba ndia si Kiswahili, tena kwa sarufi safi isiyo na dalili ya shaka. Hatari hiyo ingepunguzwa na sentensi moja: "Neno lisilopatikana hapa laweza kuwa la lahaja, jina la pekee, au neno la mtaani, tokeo tupu si ushahidi kwamba si Kiswahili."

Maelezo ya namna hii hupimwa kwa kuyatumia. Wakala hupewa maswali yenye ametupa, ndia na ng'ombe, halafu huangaliwa alipeleka ingizo gani, na alisema nini alipopata tokeo tupu. Mara nyingi kinachohitaji kurekebishwa ni sentensi, si msimbo, na kazi hiyo mwanaleksikografia aiweza bila kuandika mstari hata mmoja wa programu. Jaribio hilo hurudiwa kila leksikoni inapopanuliwa, kwa kuwa yaliyosemwa jana kuhusu ndia huenda leo yasiwe kweli.