Till ilisoma laki nne, binamu yangu akaamini ni zake

Binamu yangu alipofikisha miaka ishirini na minane alitualika Westlands, kwenye baa moja ya juu kabisa ya ghorofa, zile ambazo ukiketi unaona Waiyaki Way yote chini yako na magari ya Expressway yakipita usawa wa madirisha ya watu. Tulikuwa kumi na mmoja. Bili ilikuja 46,800. Akatoa simu, akaweka PIN, hata ile karatasi hakuisoma mara mbili. Meza nzima ikapiga makofi, na mimi nikiwemo.

Kazi yangu katika kampuni hii ni matangazo. Kwa hivyo acha nikiri mapema: picha ile ya kijana aliyevaa vizuri, simu mkononi, taa za jiji nyuma yake, ndiyo picha ninayolipwa kuitengeneza. Usiku ule nilimtazama binamu yangu nikafikiria, huyu angefaa sana kwa bango letu.

Ana kiduka Luthuli Avenue, ndani ya moja ya yale majengo yaliyogawanywa vyumba vidogo vidogo, futi sita kwa sita. Anauza makava ya simu, chaja, protekta na spika ndogo. Majirani wanamuita Boss, na mimi nitamuita hivyo hapa maana amekubali niandike habari hii bila jina lake. Biashara ilikuwa inaenda, hilo halina ubishi. Mwezi mzuri till yake ilikuwa inapokea kama shilingi 400,000. Alikuwa amehama kutoka Kangemi, akachukua chumba kimoja cha kulala Kileleshwa, kwenye jengo lenye lifti na jenereta. Alikuwa amechukua Subaru ya mkopo. Kila wikendi alikuwa nje.

Miezi michache baadaye shangazi, mama yake, akanipigia saa nne asubuhi nikiwa kazini.

"Mami, unaweza kuongea?"

"Naweza, Anti. Uko sawa?"

"Siko sawa. Niambie ukweli, huyo ndugu yako ana shida gani? Sacco wamenipigia. Na wale mama wawili walionidhamini wako hapa kwa meza yangu ya mboga. Wameketi tu. Hata chai wamekataa."

Ndipo nikajua mtaji wa Luthuli ulitoka wapi. Anti alikuwa amechukua mkopo wa 300,000 kwa Sacco yake ili kijana afungue duka, na wenzake wawili wa chama wakaweka sahihi. Kama hujawahi kumdhamini mtu, elewa hili vizuri: mkopaji akishindwa, Sacco haiendi kutafuta Subaru Kileleshwa. Inageukia akiba ya wadhamini. Mmoja wa wale mama alikuwa anaweka akiba hiyo ya kumpeleka mtoto chuo mwezi wa tisa. Boss alikuwa ameahidi kumtumia mama yake pesa ya kulipia kila mwezi, na kwa miezi mitatu alikuwa hajatuma.

Tulichokipata kwenye taarifa ya till

Jioni hiyo nilishuka mjini, nikamkuta anafunga. Rafu zilikuwa na mapengo. Makava ya simu mpya hayakuwepo, yamebaki ya simu ambazo hakuna mtu anazo tena. Nilimwambia afungue taarifa ya miamala ya miezi sita kwenye simu, tukaketi juu ya viti vya plastiki, nikatoa kalamu. Hesabu yenyewe si ngumu. Nitaiweka hapa kama tulivyoifanya, kwa mwezi mmoja wa kawaida.

Till imepokea 400,000. Mali yenyewe, kutoka kwa muuzaji wa jumla, 280,000. Kodi ya kiduka 25,000. Msichana anayemsaidia kuuza, 18,000. Stima, usafiri, leseni ya kaunti ukiigawa kwa miezi, na vitu vidogo vidogo, 10,000. Halafu kuna kodi ya mauzo, ile ya KRA ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 kwa biashara inayouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Hii hukatwa kwa mauzo yote, si kwa faida, na inatakiwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwake ni 12,000. Jumla ya vitu vyote hivyo ni 345,000.

Kwa hivyo Boss, yule wa laki nne, alikuwa mtu wa 55,000. Si pesa mbaya, kuna watu wana digrii kama yangu na hawafikishi hapo. Lakini maisha yake yalikuwa hivi: nyumba 45,000, mkopo wa gari 30,000, wikendi 8,000 mara nne. Hiyo ni 107,000 kabla hajala chakula wala kuweka mafuta. Alikuwa anapitisha 52,000 kila mwezi, na siku ile ya kuzaliwa hatujaihesabu.

Zidisha mara sita. Ni 312,000. Mkopo wa Anti ulikuwa 300,000.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau: "Lakini pesa ilikuwa inaingia kila siku."

Na alikuwa mkweli. Hapo ndipo simu inapotudanganya, na nasema hivyo nikiwa nafanya kazi kwa watu wa simu. Ujumbe ukilia unakuambia umepokea 1,500 kutoka kwa mteja. Haukuambii kwamba 1,050 kati ya hizo ni za muuzaji wa jumla ambaye alikupa mali kwa siku kumi na nne. Zamani pesa za duka zililala kwa droo. Ukitaka kuzila Westlands ilibidi uzihesabu, uzikunje, uzitie mfukoni, uzibebe kwa matatu ukiogopa kuibiwa. Njiani ungefikiria mara mbili. Sasa zinatoka kwa till kwenda kwa laini yako kwa sekunde chache, na kutoka kwa laini yako kwenda kwa mhudumu wa baa kwa sekunde zingine. Urahisi huo tumeujenga kwa makusudi, na ni mzuri. Ila hakuna anayekuuliza hii ni ya nani.

Wenye nacho walianzia wapi

Boss alikuwa na jibu. Alinionyesha picha kwa simu, moja ya zile zinazozunguka kwa WhatsApp kila Jumatatu, tajiri wa Kenya kando ya gari la kifahari na maneno ya kutia moyo chini yake. Ilikuwa ya marehemu Chris Kirubi. "Huyu alikuwa anaishi," akaniambia. "Ukifanya kazi lazima ujionee matunda."

Ni kweli aliishi. Alipenda magari, na alipenda muziki hadi akawa na kipindi kwenye Capital FM, redio aliyoimiliki mwenyewe, akijiita DJ CK wakati watu wa umri wake wanalea wajukuu. Mimi naona hiyo ndiyo anasa ya kweli, kumiliki stesheni halafu uingie studio kucheza nyimbo unazotaka wewe. Lakini picha za WhatsApp huanza mwisho wa hadithi. Kirubi alianza kwa kuajiriwa. Miaka ya sabini alikuwa anachukua mikopo ya benki, ananunua nyumba zilizochakaa hapa Nairobi, anazitengeneza, kisha anazipangisha au kuziuza. Ukipita Mama Ngina Street utaliona International House, mojawapo ya majengo yaliyokuja kuwa yake. Jengo la aina hiyo linaleta kodi mwezi huu na mwezi ujao hata mwenyewe akiwa amelala. Alipofariki Juni 2021 alikuwa na hisa nyingi Centum, kampuni iliyojenga Two Rivers.

Sisemi kila mtu wa Luthuli atakuwa Kirubi. Enzi zile nyumba mjini zilikuwa na bei nyingine kabisa, na kupata mkopo mkubwa wa benki ilitaka kujulikana. Nilichomwambia Boss ni kidogo tu: gari la tajiri linalipiwa na kitu ambacho bado kipo baada ya gari kununuliwa. Subaru yake ilikuwa inalipiwa na makava yaliyokuwa yanapungua kwa rafu.

Na kama unadhani hili ni tatizo la vijana wa futi sita kwa sita, kumbuka Nakumatt. Tuliokulia Nairobi tunaijua, kuanzia lile la Lifestyle hapa mjini hadi Ukay na Westgate kule Westlands. Ilianza kama duka la magodoro Nakuru, ndiyo maana ya hilo jina, ikafika matawi zaidi ya sitini katika nchi nne za Afrika Mashariki. Fikiria pesa zilizopita kwa zile kaunta kwa siku moja. Mteja analipa papo hapo, muuzaji wa unga na sabuni anasubiri. Kufikia 2017 rafu zilikuwa tupu kwa sababu wauzaji walichoka kusubiri, na madeni yalikuwa yamepita shilingi bilioni 30. Januari 2020 waliokuwa wakidai walipiga kura ifungwe. Mambo mengi yaliiangusha, kupanuka haraka na mikopo yakiwa mbele. Lakini rafu zile za Nakumatt na rafu za Boss nilizoziona jioni ile, mapengo yake yalifanana.

Alichofanya

Kwanza alirudisha gari. Alipoteza alichokuwa amelipa, na ilimuuma kuliko nyumba. Kisha akahama Kileleshwa, akarudi Kangemi, chumba kimoja cha 9,000, hatua chache kutoka kwa meza ya mama yake. Marafiki watatu hivi kati ya wale kumi na mmoja bado wanampigia.

Kwa upande wa pesa, alitenganisha laini. Till inabaki ya duka. Pesa ya muuzaji wa jumla inatoka humo moja kwa moja, haipitii kwa laini yake, na asilimia 3 ya KRA anaihamisha kila Jumamosi jioni kwenda akaunti ya benki isiyo na kadi, ili tarehe 20 isimkute akiomba. Na anajilipa mshahara. Tarehe 5, mara moja, kutoka till kwenda laini yake. Miezi ya kwanza alijilipa 18,000, sawasawa na msichana anayemuuzia. Msichana huyo alipojua alicheka sana, halafu, Boss anasema, akaanza kuja kazini mapema. Hiyo sijui inaelezwa vipi.

Ile overdrafti ya simu ameizima kabisa. Mimi nilimwambia kwa duka inaweza kusaidia siku moja, mzigo ukifika na till imepungua elfu mbili. Akakataa. Ni haki yake, anajijua.

Sacco walikubali kupanga upya deni, ikawa elfu kumi na nne na ushee kila mwezi kwa miaka miwili. Anatuma tarehe 3, siku mbili kabla ya mshahara wake, na anampigia mama yake kumuuliza kama imeingia ingawa anajua imeingia. Mama mmoja kati ya wadhamini alisharudi kunywa chai pale mezani. Yule mwingine, wa mtoto wa chuo, bado hupita upande wa pili wa barabara. Akiba yake haikuguswa mwishowe, lakini alikaa wiki tano bila kujua.

Mwezi uliopita tulipatana Sarit, mimi nikitoka kazini. Mshahara wake sasa ni 25,000. Tulipita kwa dirisha la viatu akasimama. Vilikuwa 5,500, vya ngozi, vizuri kweli. Akatoa simu. Laini yake ilikuwa na 6,300. Akafungua till, ikasoma 146,000, akaniangalia kama mtoto aliyeshikwa jikoni.

"Si ni elfu tano tu," nikasema. Nilisema mimi, mtu wa matangazo.

"Ya kwangu ni elfu sita," akasema. "Na leo ni tarehe kumi na nane."

Tukavuka barabara, tukapanda 23 ya Kangemi. Nauli alilipa yeye.