Smiley Akingoja Nauli

Ricki Tarr ni jasusi wa ngazi ya chini ambaye John le Carré alimpeleka Hong Kong. Ndivyo ilivyoandikwa katika Tinker Tailor Soldier Spy, riwaya iliyotoka mwaka 1974. Huko Tarr anakutana na Irina, mwanamke Mrusi aliyebeba siri nzito: ndani ya idara ya ujasusi ya Uingereza, juu kabisa, kuna pandikizi la Moscow. Mwaka 1979 BBC ilipoigeuza riwaya hiyo kuwa tamthilia ya runinga, Tarr alikutana na Irina yuleyule, mwenye siri ileile, lakini mjini Lisbon. Filamu ilipotoka mwaka 2011, wakakutana Istanbul. Mtu mmoja, tukio moja, vituo vitatu vya kazi. Mtumishi yeyote wa serikali aliyewahi kuhamishwa bila kulipwa posho atamwonea huruma.

Kwa mwandishi, safari ya Hong Kong ni maneno mawili na nukta. Kwa mtayarishaji wa filamu ni tiketi za kikosi kizima, hoteli, vibali, bima, magari ya kubeba taa, na wali wa mchana kwa watu ambao wengine hata hawaonekani kwenye picha. Le Carré aliandika vitabu vitatu, Tinker Tailor ikiwa cha kwanza, vya mvutano kati ya jasusi wa Uingereza George Smiley na hasimu wake wa Moscow, Karla. Kile cha katikati, The Honourable Schoolboy, kinazunguka Hong Kong na Asia ya Kusini-Mashariki. BBC walipiga hesabu ya gharama, wakakiruka, wakaenda moja kwa moja kwenye cha tatu, Smiley's People, kilichoonyeshwa mwaka 1982. Mtazamaji wa runinga akabaki kama mgeni aliyekaribishwa chai ya asubuhi na chakula cha jioni, cha mchana hakukiona na hakuna aliyemweleza kulikoni.

Mimi niliisubiri filamu ya 2011 kwa hamu ambayo watu wa mtaani kwetu hawakuielewa. Nilimwendea mwenye kibanda umiza cha jirani kumuuliza kama ataileta. Akaniuliza stelingi ni nani. Nikamwambia ni mzee wa makamo, miwani mikubwa, mkewe anatembea nje, na kazini wamemstaafisha kwa aibu. "Anapigana?" Hapigani. "Sasa adui anauawaje?" Nikamweleza kwamba adui mwenyewe hajulikani, ni mmoja wa wakubwa wa ofisini, na kazi ya stelingi ni kusoma mafaili usiku mpaka amjue. Akanitazama kwa upole, kama anayemtazama mgonjwa. "Kaka," akasema, "mimi hapa nalipa umeme."

Alikuwa na hoja, na kusema kweli hoja hiyohiyo waliiwaza wenye fedha za Ulaya. Riwaya yenyewe haina mbio za magari. Ina kurasa nyingi za wanaume wenye suti wakikumbuka mambo. Halafu kulikuwa na kivuli cha Alec Guinness. Tamthilia ya 1979 ilikuwa na sehemu saba, na Guinness aliicheza nafasi ya Smiley kwa namna ambayo Waingereza wengi hawakutaka kumwona mwingine ndani ya koti lile. Kabla ya kuicheza alikutanishwa kwa chakula cha mchana na Maurice Oldfield, aliyekuwa mkuu wa MI6, amtazame mkuu wa majasusi anavyokaa na anavyokula. Habari zilipovuja kwamba Gary Oldman ndiye atakayevaa miwani ya Smiley, mashabiki walianza kunung'unika kabla ya kamera kuwashwa. Nawaelewa. Nimeshamchagulia Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, waigizaji kama kumi kichwani mwangu, na yeyote atakayeletwa siku moja atanikuta nimenuna.

Mambo mengine ya mradi huu yalikuwa ya kawaida ya miradi, yale ambayo hayaandikwi kwenye mpango. Uongozaji ulitiwa mikononi mwa mgeni kabisa, Tomas Alfredson wa Sweden, aliyejulikana kwa filamu ya mtoto mnyonya damu, Let the Right One In, ya mwaka 2008. Michael Fassbender alikuwa amepangiwa nafasi ya Tarr, kalenda ikagongana na filamu ya X-Men, nafasi ikamwangukia Tom Hardy. Mswada waliuandika mume na mke, Peter Straughan na Bridget O'Connor. Bridget aliugua saratani na kufariki Septemba 2010, mwaka mmoja kabla watu hawajaiona kazi yake. Filamu imetabarukiwa kwake. Fedha zilikuwa takriban dola milioni 21 za Marekani. Kwetu ni nyingi mno, lakini kwa filamu yenye Colin Firth, John Hurt, Mark Strong, Toby Jones na Benedict Cumberbatch ndani yake, ni bajeti ya kubana matumizi.

Hata jina la mhusika huwa na mwenyewe. Mwaka 1966 Sidney Lumet alitengeneza The Deadly Affair kutokana na riwaya ya kwanza ya le Carré, ambayo stelingi wake ni Smiley. Lakini haki ya kulitumia jina la Smiley kwenye filamu ilikuwa mikononi mwa Paramount, waliokuwa wametoa The Spy Who Came in from the Cold mwaka uliotangulia. Basi James Mason akacheza Smiley bila kuitwa Smiley. Aliitwa Charles Dobbs. Jasusi aliyenyang'anywa jina lake na wanasheria, si na Warusi.

Sasa riwaya kama Tinker Tailor, yenye wahusika tele na kumbukumbu zilizopandana itoshe vipi katika dakika 127? Haitoshi. Hapa ndipo nilipoketi siku ya kwanza na daftari, nikiwa tayari kuhesabu waliyoyakata kama mkaguzi wa hesabu aliyetumwa kijijini kutafuta mifuko ya saruji. Na nilihesabu. Kazi ya siri iliyoharibika Czechoslovakia imehamishiwa Budapest. Washukiwa wawili, Roy Bland na Toby Esterhase, wamepewa nafasi finyu kiasi kwamba ni vigumu kuwashuku kwa dhati. Ni kasoro kubwa. Hadithi inasema msaliti ni mmoja kati ya wanne, na mtazamaji anawajua vizuri wawili tu, hivyo siri inapofichuka (sitamtaja) mshtuko unakuja umepungua nusu.

Halafu nikafika kwenye kiti.

Kitabuni Smiley anasimulia jinsi alivyowahi kukutana na Karla, miaka ya 1950, katika jela ya Delhi. Karla ni mfungwa aliyechoka, anatakiwa kwao ambako huenda akauawa, na Smiley amefika kumshawishi aasi. Anamsihi usiku kucha. Anamtajia mke, bila kutambua kwamba anayemzungumzia ni mke wake mwenyewe, Ann. Karla hasemi neno. Anaondoka na kiberiti cha gesi cha Smiley, zawadi ya Ann, na udhaifu wa Smiley ameshausoma wote. BBC walikionyesha kisa hicho: jela, joto, na Patrick Stewart akiwa Karla, kimya mwanzo mpaka mwisho. Ukiwa na mpango mkononi utasema tukio hili haliepukiki; India lazima ijengwe, hata kama ni chumba kimoja.

Filamu haikujenga India. Oldman amekaa chumbani usiku, amekunywa kidogo, msaidizi wake Guillam anamsikiliza. Anaanza kusimulia, na katikati ya simulizi anakigeukia kiti kitupu, anakisemesha kana kwamba Karla amekaa pale. Anamsihi tena, kwa maneno yaleyale yaliyomshinda zamani. Hakuna jela wala jasho, na Karla haonekani. Sura yake hatuioni filamu nzima, kama tusivyoiona ya Ann. Nililiweka daftari chini. Tukio lisilohitaji hata tiketi ya basi ndilo lililobeba filamu, kwa sababu kilichokuwa na thamani katika safari ya Delhi hakikuwa Delhi. Kilikuwa mwanamume anayeongea mno mbele ya mwenzake anayenyamaza.

Tangu siku hiyo nimeacha kuwakaripia waliomhamisha Tarr kutoka Hong Kong. Mji wowote wa bandari wenye hoteli na wageni wengi ungemtosha, kwa sababu hofu yake inabebeka begini. Riwaya yenyewe inatembea juu ya hofu ya namna hiyo, ya kikulacho ki nguoni mwako. Le Carré, ambaye jina lake halisi ni David Cornwell, alifanya kazi MI5 na MI6, na alikuwa bado humo Januari 1963 Kim Philby alipotoroka Beirut kwenda Moscow baada ya miaka mingi ya kuwatumikia Wasovieti akiwa ndani ya nyumba. Na Novemba 1979, wiki chache baada ya tamthilia ya BBC kumalizika, Margaret Thatcher alisimama bungeni kuthibitisha kwamba Anthony Blunt, mtaalamu wa sanaa aliyekuwa akitunza picha za Malkia, naye alikuwa mmoja wa majasusi wa Wasovieti.

Lakini si kila kitu kinahamishika, na ushahidi uko hapa jirani. Mwaka 2001 le Carré alichapisha The Constant Gardener: mke wa mwanadiplomasia wa Uingereza aliyeko Nairobi anauawa karibu na Ziwa Turkana, na mumewe anafuata nyayo zake mpaka kwa kampuni ya dawa inayowafanyia majaribio maskini. Mradi wa filamu ulianza kwa kuyumba. Mwongozaji wa kwanza, Mike Newell, aliitwa na Harry Potter akaenda. Akaja Fernando Meirelles wa Brazil, aliyekuwa ametoka kutikisa dunia na City of God. Mpango ulikuwa kupiga picha Afrika Kusini, ambako studio na mafundi wapo tele. Meirelles akafika Nairobi, akatembea, akaukataa mpango.

Kwenye makaratasi, Afrika Kusini ilikuwa jibu sahihi. Mabati ni mabati, udongo mwekundu unapatikana, na mtazamaji wa Ulaya asingejua. Ila kitabu hiki kilikuwa kinawashitaki watu kwa jambo walilolifanya mahali fulani, na huwezi kuhamisha eneo la tukio halafu kesi ibaki ileile. Kwa hiyo kikosi kilikwenda Kibera, kikaenda na Loiyangalani kando ya Turkana, kwenye upepo na mawe. Katika filamu, ya mwaka 2005, utawaona watoto wa Kibera wakiikimbilia kamera bila kufundishwa, na utaisikia Kothbiro ya Ayub Ogada, kwa Kijaluo, ikifanya kazi ambayo orkesta nzima isingeiweza. Rachel Weisz alipata Oscar. Watengenezaji waliacha pia mfuko wa kusaidia elimu Kibera na Loiyangalani, wenye jina la filamu. Jambo hilo halimo katika riwaya, wala sidhani kama lilikuwamo katika bajeti ya kwanza.

Nirudi kwa Smiley. Mambo mengine ya filamu ile yalipatikana kwa kuhangaika kwa miguu. Oldman alijaribu miwani nyingi mno kabla ya kuipata aliyoitaka katika duka la miwani ya zamani huko Pasadena, California. Sherehe ya Krismasi ya majasusi, ambako Baba Krismasi amevaa sura ya Lenin na ukumbi mzima unaimba wimbo wa taifa wa Wasovieti, haimo kitabuni, lakini ukiangalia vizuri katikati ya waalikwa utamwona mzee mmoja mwenye nywele nyeupe: le Carré mwenyewe. Alikuwa amewaambia wasitengeneze upya kitabu wala tamthilia, watengeneze cha kwao, kisha akakubali mwaliko wa sherehe ambayo hakuiandika. Waandishi wachache wana moyo huo. Mimi ukinibadilishia kichwa cha makala silali.

Filamu ilionyeshwa Venice Septemba 2011, ikateuliwa mara tatu katika Oscar, na huo ulikuwa uteuzi wa kwanza kwa Oldman katika maisha yake yote ya uigizaji. Fedha zilirudi na faida juu. Watayarishaji wakaanza kuitaja Smiley's People. Nasi tukaanza kungoja tena.

Tumengoja sana. Le Carré alifariki Desemba 2020. Mwanawe Nick Harkaway akaandika riwaya mpya ya Smiley, Karla's Choice, mwaka 2024. Oldman naye, tangu mwaka 2022, anaonekana katika Slow Horses akiwa Jackson Lamb, bosi wa majasusi walioharibu kazi, soksi zimetoboka, koti halijafuliwa, mdomo mchafu kuliko koti. Kila sehemu mpya ikitoka huwa namwangalia nikimhesabia miaka, maana Smiley wa kitabu cha tatu ni mzee, na kwa hilo angalau kuchelewa hakujaharibu kitu.

Ofisi ndiyo tatizo. Makao makuu ya majasusi ya filamu ya 2011, ambayo le Carré aliyaita Circus kwa jina la makutano ya barabara mjini London, hayakuwa hapo kwenye makutano. Yalijengwa ndani ya Inglis Barracks, kambi ya jeshi iliyoachwa Mill Hill, kaskazini mwa jiji, pamoja na kile chumba cha mikutano chenye kuta za rangi ya machungwa zisizopitisha sauti. Eneo la kambi limekwisha kugeuzwa makazi, na watu wamehamia. Smiley akirudi kazini itabidi atafutiwe jengo jingine, na kwa namna miradi hii inavyokwenda, sitashangaa likipatikana Budapest.